Noti Niliyombandika Rapa wa Liberia

Niseme mwenyewe kabla Mama Divine hajawasimulia: ni mimi niliyembandika rapa wa Liberia noti kwenye paji la uso, mbele ya ukumbi mzima pale Farsta, pembezoni mwa Stockholm, tena kwenye wimbo usiofaa kuliko nyimbo zake zote.

Mimi ni mtu wa ndani. Nikitoka kazini narudi kwangu, mtaa wa Hagsätra, kochi linanijua, nami nalijua. Lakini Mama Divine, jirani yangu Mnyarwanda wa ghorofa ya chini, alinionyesha kwenye simu huyo rapa, mtu aliyeanza kuimba akiwa mkimbizi Ghana, akarudi Monrovia vita vilipokwisha, akafungua nyumba ya kuwatoa vijana kwenye dawa za kulevya, na sauti yake (nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi) ilikuwa sauti ya kaka yangu Yusufu kabisa. Yusufu aliimba kwenye harusi za Buyenzi, mtaa wetu kule nyumbani, mpaka vita vikamchukua. Kaburi lake hatulijui. Basi niliposikia anakuja kuimba Farsta, nikavaa koti.

Kwenye treni Mama Divine akanieleza kila wimbo unahusu nini, na mimi nikawa nalalamikia baridi.

Wimbo wa tatu, jamaa akaishusha sauti vilevile alivyokuwa akiishusha Yusufu, miguu yangu ikanyanyuka bila kuniuliza. Kwetu mwimbaji akikugusa unakwenda kumtunza kwa noti. Lakini Stockholm nani ana noti, kila kitu ni simu! Mimi nilikuwa nayo moja, imezeeka pochini hata benki hawaitaki tena. Nikapanda jukwaani nikicheza (kwa kiuno, ndiyo), nikaigandisha kwenye jasho la uso wake, ikanata.

Muziki ukakatika.

"Baba Amina, shuka!" Mama Divine alikuwa keshafika mbele. "Huu ni wimbo wa wanasiasa wanaowanunua vijana kwa noti wakati wa uchaguzi! Anakataa pesa, wewe unambandika!"

Rapa akasema kitu kwa Kiingereza cha kwao, na Kiingereza changu cha sekondari kikakimbia.

"Anauliza nani kakutuma," Mama Divine akatafsiri.

"Mwambie sijatumwa. Mwambie ana sauti ya kaka yangu, marehemu."

Akamwambia. Yule bwana akaibandua noti polepole, akanirudishia mkononi, akanikunja vidole juu yake, kisha akauliza jina. "Yusufu," nikasema, na kumbe maikrofoni ilikuwa karibu, jina likazunguka ukumbi mzima. Sikuwa nimelisikia likitamkwa mbele za watu tangu nihame kwetu. Nikashuka nikichekacheka kama mwehu.

Nimeapa: nyimbo zake nitazisikilizia kochini, mlango nimeufunga. Tulipofika ngazini kwetu, Mama Divine akageuka:

"Baba Amina, siku nyingine ukimkumbuka kaka yako, lia kama watu wengine."