Nilivyomsalimia Daktari

Nilichomwa sindano ya mafua kazini, Lewisham, London, kwenye nyumba ya wazee niliokuwa nawahudumia. Nesi alikuwa na haraka zake. Alichoma juu mno, karibu na mfupa wa bega la kushoto, na tangu siku hiyo mkono ukagoma. Kufunga sidiria ikawa kilio. Kumgeuza mzee kitandani ndiyo kabisa, na mtunza wazee asiyeweza kugeuza mtu hana kazi.

Wakili akasema tudai fidia, ila kwanza nikapimwe na daktari wa upande wa pili, wa hao tunaowadai. Akanionya kwamba huyo ataanza kunichunguza tangu mlangoni. Usingizi ukanipaa. Niliogopa kuitwa mwongo, mimi mgeni mwenye lafudhi yangu, nimekuja kuchuma kwenye nchi ya watu. Hata kwenye basi niliuficha mkono nikiona watoto wa shule wananitazama, utadhani na wao wametumwa.

Daktari alikuwa mzee, kichwa mvi tupu. Akasimama, akaninyooshea mkono. Nilivyolelewa mimi, mtu mzima humpi mkono mmoja hivi hivi. Nikampa wa kulia, na ule wa kushoto, mgonjwa, ukapanda wenyewe kushika kiwiko cha mwenzake, na magoti yakakunjika kidogo. Maumivu yalinipasua hadi sikioni. Nikayameza, nikatabasamu. Nani anamsalimia mzee huku amekunja uso?

Macho yake yakashuka kwenye kiwiko changu. Kila alichouliza baada ya hapo nilijibu kweli tupu, na kila jibu nililisikia kama uongo.

Dai likaanguka. Wakili alinisomea ripoti kwa simu: mkono wa kushoto unanyanyuka bila shida, na mdai ni mchangamfu. Nikamweleza kuwa ile ilikuwa adabu. Akasema adabu hawezi kuipeleka mahakamani.

Jumapili, kanisani Peckham, mama mmoja mzee wa kwetu, aliyetuchukulia sote kama wanawe, akaninyooshea mkono. Nikampa wa kulia peke yake. Wa kushoto niliubana kwenye mkoba, maana woga ulikuwa haujaniisha. Nilihisi bado kuna mtu anatazama.

Mama akakiangalia kiwiko changu, kama yule daktari.

"Mwanangu, ndiyo style ya hapa London hiyo? Tunasalimiana hivi siku hizi?"

Nilitaka kumwambia naumwa. Nikaogopa na yeye hataniamini.