Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Mtaa mzima wa Nyakuron ulijua kwamba Teresina Konga ana kichaa cha mifupa, na kwa kuwa ulikuwa mwaka 2017, vita imewachosha watu na vichekesho vimeadimika, hakuna aliyetaka apone. Kila asubuhi alitoka machinjioni na gunia la mifupa ya ng'ombe. Aliichemsha, akaichoma kwenye tanuri la matofali mpaka ikawa myeupe, akaisaga, akafinyanga vipande vyenye matundu madogo madogo.

"Ya Teresina, supu yako haijaiva tu?" majirani walimtania.

Naye, aliyejifunza kazi hiyo kwenye maabara ya Kampala enzi za ukimbizi, aliwaeleza kuwa mfupa ulio hai ukikuta matundu hayo huingia na kuota ndani yake. Wakazidi kucheka.

Kwake haukuwa mzaha. Mdogo wake Lodu alipigwa risasi ya muundi Julai ya mwaka uliotangulia. Kipande cha mfupa cha urefu wa kidole kilipotea, madaktari wakasema mguu ukatwe, na Lodu mwenyewe alishakubali. Daktari mmoja tu wa Kampala ndiye aliyesema: niletee mfupa wa mnyama uliouziba kwa dawa yako, nione kama umeshika, ndipo tuzungumze habari ya ndugu yako.

Mnyama alipatikana kwa hisani ya bodaboda iliyomgonga mbuzi wa shangazi Helen. Igga, daktari wa mifugo, akaziba pengo la mguu wa nyuma wa kushoto kwa kipande cha Teresina, akaufunga kwa vijiti. Miezi minne Teresina alimdekeza mbuzi yule kuliko kitinda mimba. Jumatatu Igga angekuja kuutoa mfupa.

Jumamosi wakaja wakwe zake Helen.

Teresina alirudi kutoka soko la Custom na mkaa, akakuta kamba haina mbuzi na sufuria ina mbuzi.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Wakwe wamekuja, mimi iko na nini ingine? Nipike mifupa yako?"

Kulia kungemfaa nini? Nyama ilishapakuliwa. Akapiga magoti mbele ya kila mgeni, kwa adabu zote, akichungulia sahani. "Samahani, mzee wangu, huo ni mguu wa upande gani?" Wakwe wakatazamana. Helen akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mguu ulikuwa kwa mzee Saturnino, mkuu wa msafara, aliyesifika mtaa wote wa Malakia kwa kuvunja mifupa kwa meno ili anyonye uboho. Teresina alimwona anaung'ata, tena palepale palipozibwa. Akapiga kelele, amechelewa. Krak!

Mzee akatema kitu kiganjani. Lilikuwa jino.

"Ya Rabi! Hii mbuzi gani? Iko na chuma ndani?"

Teresina akapiga kigelegele, peke yake, akamnyang'anya mkwe mfupa mkononi na kutimua mbio. Utovu huo wa adabu, Helen hajausamehe mpaka leo.

Lodu alikuwa amelala chumbani mwake, kaelekea ukutani. Teresina akampa mfupa. Lodu akaupitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini, akarudia, akakunja uso.

"Ulivunjikia wapi, dada?"

Akamwonesha. Lodu akapapasa tena pale, taratibu, kisha akajigeuza kutoka ukutani.

"Waambie wasikate kwanza."