Mvua ya Kutuliza Vumbi

Katika programu yetu, ambayo yeyote duniani anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha, badiliko huingia kwanza, likakaguliwa baadaye. Tunaaminiana. Mtu wa nchi ya mbali anaandika, linaanza kutumika, kisha mimi hapa mjini Wote nalisoma asubuhi na chai yangu: mistari iliyoongezwa kwa kijani, iliyotolewa kwa nyekundu. Ni kazi ya kujitolea, lakini nairingia. Programu yenyewe hupima mvua na kuwatumia wakulima ujumbe wa kupanda. Mama yangu, kule Mbumbuni, ni mmoja wao.

Asubuhi moja ya Oktoba mawingu yalikuwa yameshuka chini, na matone machache yakagonga mabati. Harufu ya vumbi lililolowa ikanichukua hadi utotoni, nimesimama mlangoni na ulimi nje. Kwenye skrini kijani na nyekundu vilielea tu. Badiliko lilisema mvua ya kwanza, hata iwe kidogo namna gani, ihesabiwe kuwa mwanzo wa msimu. Nikaandika, "Safi kabisa," nikaendelea kuota.

Na mimi ni mtoto wa Ukambani! Nani huku hajui kwamba ile ya kwanza huja kutuliza vumbi tu?

Jua likawaka wiki mbili. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amechutama shambani, anafukua shimo baada ya shimo kwa kidole. Ndengu zilikuwa zimechipua kidogo, zikakauka.

"Simu iliniambia nipande, nikapanda," alisema. "Si ni wewe unaangaliaga hiyo kitu?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa uliangalia na macho gani?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikaketi pale pale kwenye tuta, kompyuta magotini, nikaliondoa lile badiliko na kuandika chini yake kwamba kosa ni la aliyelikagua. Mama akaingia ndani, akarudi na mbegu zilizobaki. Zilikuwa kopo moja tu.

Alasiri matone yakaanza tena, mepesi, yenye harufu ile ile tamu. Mama alikuwa ameshainama na jembe wakati simu ilipolia mfukoni mwake. Ujumbe ulisema asipande bado.

Akausoma mara mbili, akanitazama.

"Na hii, umeangalia?"

"Nimeangalia, mama."

Alisimama kitambo, kitambaa cha kichwani kikilowa. Kisha akafunika kopo.