Sikio la Mama

Karani wa masjala hanunui hedifoni kwa macho. Huja dukani kwangu na mama yake, humketisha kwenye stuli, halafu hupangusa miwani na kuivaa tena, maana hedifoni isiyokaa vizuri juu ya miwani hupoteza besi yote. Vidole vyake vina wino wa mihuri. Huweka wimbo uleule wa metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma, wenye ngoma kama mvua ya mawe juu ya bati, kisha humtazama mama. "Nazisikia vurugu zako," mama husema, na hedifoni hurudi kwenye boksi. Ofisini kwao hata karatasi ikigeuzwa inasikika. Hedifoni yake ya zamani ilivujisha sauti, akaandikiwa barua ya onyo. Sita zilishafeli, nami nilishaanza kununa.

Leo nikampa ya saba, nzito, iliyozibwa kabisa nyuma ya vikombe vya masikioni. Akafumba macho. Kichwa kikaenda mbele na nyuma, kilemba kikafunguka, mguu ukatwanga sakafu mpaka kabati langu la vioo likatetemeka. Mama akanigeukia. "Mwanangu, mbona huwashi? Ona anavyotikisika kwa hasira!" Nikainua boksi tupu kwa mikono miwili, kama kombe la ubingwa.