Mbuzi wa Siku ya Ukaguzi

Keti kwanza, Meshaki mwanangu. Hiyo kamba iweke chini. Shikamoo yako nimeipokea, lakini mtu anayemwamkia shangazi yake akiwa na kamba mkononi, na bodaboda inamngoja nje, huyo ana lake jambo. Unasema kesho maafisa wa halmashauri wanakuja kuhakiki mradi wenu wa mbuzi, mbuzi hawajatosha, niwaazime wangu kwa siku moja tu. Nitakujibu. Ila kwanza nikukumbushie siku moja ambayo kila ikinijia nacheka peke yangu hadi majirani wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nilikuwa msichana wa rika lako, hapahapa upande wa Hombolo. Mvua ilikuwa imetunyima, mtama umekaukia shambani, na mama alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye mfuko niende Dar es Salaam kwa binamu yake nikafanye kazi za ndani. Sikutaka. Nakwambia sikutaka hata kidogo, nilikuwa nalia kila nikiuona ule mfuko nyuma ya mlango. Mama akaniambia, "Ukipata kazi hapa kijijini nitaufungua. Usipopata, Jumatatu ya mwisho ya mwezi ujao unapanda gari."

Ndipo tukasikia kuwa watu wa maendeleo ya jamii wilayani wanasaidia vikundi vya vijana. Wanatoa mafunzo, wanatoa dawa za mifugo, na wanakitafutia kikundi mahali pa kuuzia kule mjini. Tukaunda kikundi siku hiyohiyo. Mwenyekiti akawa Yona, kijana wa jirani, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Mimi nikawa mtunza hazina. Hazina yenyewe ilikuwa kopo tupu la majani ya chai, lakini nililitunza, usinicheke.

Kwenye maombi Yona akaandika kwamba tuna mbuzi arobaini. Tulikuwa naye mmoja! Dume jekundu, sikio limekatika, tulimwita Mheshimiwa kwa sababu hakuwa anatoka mahali mpaka asukumwe.

Nikamuuliza, "Yona, wengine watatoka wapi?"

"Watatoka kwa watu," akasema. "Mbuzi hana kitambulisho."

Siku ya ukaguzi tukaamka alfajiri tukapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyetunyima, maana kila mzazi alitaka mwanawe abaki karibu. Wengi walitupa majike, wakabaki na vitoto nyumbani ili tusihangaike navyo. Hapo ndipo tulipokosea, na wala hatukujua. Tukawafungia wote kwenye boma la miiba. Viti tukaazima kanisani, turubai tukaazima msikitini, kitambaa cha meza kwa mke wa mwalimu. Mimi mwenyewe nilivaa viatu vya dada yangu, vikanibana mpaka vidole vikafa ganzi.

Afisa alifika mchana. Mama mmoja mnene, mcheshi, miwani imening'inia kifuani. "Mbukwenyi!" akatusalimia, Kigogo chake kimejaa lafudhi ya kwao Kilimanjaro, watu wakampigia makofi. Akachungulia bomani. "Mbuzi wazuri hawa. Hongereni sana." Akatoa kalamu asaini. Mwanangu, tulikuwa tumeshamaliza! Angesaini, angepanda gari lake, angekwenda zake.

Lakini Yona alikuwa na risala.

Alikuwa ameiandika wiki nzima na hakuwa tayari kurudi nayo nyumbani. "Mheshimiwa mgeni rasmi," akaanza, na yule dume bomani akaitikia "Meee!" kana kwamba ameitwa yeye. Yona akamshukuru Mungu, akaishukuru serikali, akawashukuru wazazi, akawashukuru na waliotuazima viti. Nikamkanyaga mguu. Akarukia historia ya kijiji na njaa zote walizozipitia mababu, moja baada ya nyingine. Mama afisa akatazama saa. Jua likaanza kuinama. Yona akageuza karatasi, akakohoa, akasema, "Sasa naomba niingie kwenye utangulizi."

Hapo nikasikia kitoto cha mbuzi kinalia upande wa kwa Mzee Chibago. Mama yake akakiitikia bomani. Kikalia kingine upande wa kisimani, na kingine, na kingine. Majike wale walikuwa hawajanyonyesha tangu asubuhi, maziwa yamejaa, hawashikiki. Wakaanza kusukumana. Miiba ikasogea. Weee! Walitoka wote kwa pamoja, wakapita chini ya meza, wakakipeperusha kitambaa cha mke wa mwalimu mpaka mlangoni mwa boma, wakaangusha soda ya mgeni rasmi. Bahati viti vina miguu lakini havitembei, maana navyo vingerudi kanisani. Kila mbuzi akashika njia ya kwao bila kuuliza mtu. Na wenyewe waliokuwa wamekaa pale kwenye turubai, kwa mazoea tu, wakaanza kuwaita kwa majina.

Yona, kichwa kwenye karatasi, alikuwa bado anasoma: "Mbuzi wetu hawa arobaini, kama unavyowaona..."

Vumbi lilipotulia, alibaki Mheshimiwa peke yake, amelala palepale, anatafuna ncha ya kitambaa cha watu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikauona ule mfuko nyuma ya mlango kama nimeshaubeba. Machozi yakanitoka mbele za watu, nikamwambia afisa, "Mama, huyu mmoja ndiye wetu. Wale tuliazima. Tusamehe, mimi sitaki kwenda Dar."

Yule mama alicheka! Alicheka hadi akashika meza. Halafu akafuta macho, akatutazama kwa makini, na hapo hakuwa anacheka tena.

"Wanangu," akasema, "mkiniambia arobaini, nitaleta dawa za mbuzi arobaini na mafunzo ya wenye arobaini. Huyu mmoja mtamfanyia nini? Mtampa dozi za wenzake? Ofisi yangu inasaidia kilichopo. Kisichokuwepo nakisaidiaje?" Akawageukia wazee. "Na ninyi, mmewapa watoto hawa mbuzi wenu kwa neno tu. Mnadani mnauza kwa nani?"

"Kwa walanguzi," Mzee Chibago akasema. "Wanatupangia bei wanavyotaka."

"Basi wapeni hawa wawauzie. Hiyo ni kazi, na kukusanya mbuzi nyumba kwa nyumba tayari wanaweza. Mimi nitawafundisha kutunza na kuuza."

Siku ile hakutuahidi zaidi ya hapo. Lakini alirudi, akaja na bwana mifugo, tukafundishwa kuogesha na kunenepesha, tukapewa dawa za kutosha mbuzi mmoja. Tukatafutiwa nafasi ya kuuzia mjini, kwa jina letu. Jumatatu ile ilipofika, gari la Dar lilipita, mama akautoa mfuko nyuma ya mlango, akanirudishia nguo zangu moja moja, na tukawa tunalia wote wawili. Hawa mbuzi uliowajia na kamba wametokana na kazi ile.

Sasa sikia, mwanangu. Kesho waambie mna mbuzi wangapi. Kama ni watatu, sema watatu, na mtaje hata anayechechemea. Usione haya kwa udogo wa mradi; yule anayekuja amelipwa mshahara kwa ajili ya wadogo, na hawezi kukusaidia akiwa hakujui. Ofisi zina mambo yake, sikufichi. Faili litazunguka, mfumo utagoma, utaambiwa njoo wiki ijayo. Nenda hiyo wiki ijayo. Ila uende na jambo ambalo hata jua likizama halitakukimbia.

Mbuzi wangu hawatoki, na kamba utaiacha hapa nifungie kuni. Ila mimi mwenyewe nitakuja, nikae mbele kabisa, na risala ikizidi karatasi moja nitasimama niondoke.

Haya, nenda. Mungu awabariki wewe na wenzako, awape afya na subira, majike yenu yazae mapacha, na jioni ikiingia, kila mbuzi aliyemo bomani mwenu awe hana kwao kwingine.