Wagiriki Hawakumjua Mama Yangu

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimefundisha shule ya msingi Ruiru miaka mingi, na kitu ninachokipenda katika hesabu ni kwamba mwisho wa kitabu kuna majibu. Mtoto akisema saba mara nane ni hamsini na nne, namwambia kaa chini, fikiria tena, na dunia inaendelea. Kwa hiyo niliporudi kusoma, digrii ile ya walimu inayosomwa wakati wa likizo, nikakuta somo la kwanza ni Utangulizi wa Falsafa, nilikasirika hata kabla sijavuta kiti.

Tulisomea Thika, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mhadhiri alikuwa kijana mwembamba wa rika la wanafunzi niliowafundisha kugawanya. Siku ya kwanza alitupa matawi ya falsafa. Metafizikia inauliza ni nini kilichopo kweli. Epistemolojia inauliza unajuaje kwamba unajua. Maadili yanauliza tendo jema ni lipi, mantiki inapima kama hoja zako zinashikana, na ujumi unauliza uzuri ni kitu gani. Niliandika yote kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikasubiri majibu. Hayakuja.

Badala yake wakaja Wagiriki wa kale. Wa kwanza alisema asili ya vitu vyote ni maji. Nikamnong'oneza jirani yangu wa dawati kwamba huyo mzee hajawahi kukaa kwetu Mugutha, ambako maji ya mfereji huja yakijisikia. Mwanafunzi wake akasema si maji, ni kitu kisicho na umbo wala mpaka. Aliyefuata akasema ni hewa. Halafu kuna aliyesema kila kitu kinapita, kwamba mto unaouingia leo si ule uliouingia jana, na mwingine akampinga kabisa: hakuna kinachobadilika, macho ndiyo yanatudanganya. Mhadhiri alituita dirishani tutazame upande wa Mto Chania, kana kwamba mto ungetoa ushahidi.

"Sasa walimu, nani yuko right?"

"Si wewe ndio mwalimu? Tuambie," nikamjibu.

Akacheka. "Madam, hapo ndipo falsafa inaanza."

Niliona ninachezewa. Nilikuwa na swali langu nyumbani, na halikuwa la kuchekewa.

Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Mimi ni wa pili. Ndiyo maana tangu nikiwa mchanga mama ameniita maitu, yaani mama yangu, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyomwita mtoto aliyebeba jina la mama yake. Maitu, kunywa uji. Maitu, leo nitakuchapa. Hakuna anayeshangaa. Ni mapenzi, ni heshima kidogo, na mzaha ndani yake. Lakini mama alipozeeka na akili ikaanza kumtoka, mzaha ndio uliotangulia kuondoka. Akabaki ananiita maitu na kumaanisha.

"Maitu," aliniuliza jioni moja nikivua viatu mlangoni, "si uliniita nikakosa kukuja? Bado umenikasirikia?"

Hadithi hiyo niliijua kutoka kwa shangazi, si kwake. Cucu, yaani nyanya yangu, aliugua kijijini akatuma watu wamwite mama. Mama hakwenda, kwa sababu alikuwa hospitalini ananizaa mimi. Cucu akafa wiki hiyohiyo, na mimi nikapewa jina lake. Maisha yake yote mama hakuwahi kulitaja jambo hilo. Sasa aliuliza kila jioni, na kibaya zaidi, alikataa kula. Angeketi mezani kwangu mikono mapajani, kama msichana aliyekosea, asiyeweza kugusa chakula cha mama yake kabla ya kusemeshwa. Nguo zilianza kumpwaya. Niliogopa sana.

Mwanzoni nilimpa jibu sahihi, lile la kalamu nyekundu. "Mami, mimi si cucu. Cucu alikufa kitambo."

Akanitazama. "Amekufa? Lini? Mbona hamkuniambia?"

Akalia kama mtu aliyepokea habari mlangoni. Kesho yake akawa amesahau, akauliza tena, nikajibu tena, akalia upya. Nikawa namzika nyanya yangu kila siku kabla ya chakula cha jioni.

Dada yangu, anayeshinda naye mchana, alinikemea. "Si umwambie tu umemsamehe? Kwani utakufa?"

"Nimsamehe kama nani?"

"Kama yeyote! Akule!"

Lakini mama ndiye aliyenichapa kwa sababu ya uongo, tena akanichapa vizuri. Ningemdanganyaje yeye mwenyewe? Na msamaha wa mtu ambaye sikuwahi hata kumwona, ningeutoa wapi?

Basi siku moja mhadhiri akaleta jembe. Si jembe lenyewe, la kwenye maneno. Jembe la nyanya yako, mpini umevunjika mkatia mwingine, miaka ikapita, chuma kikaisha mkatia kingine. Bado ni jembe la nyanya? Darasa likawa soko. Nikainua mkono na kuuliza, je, kama kilichobaki ni jina tu? Sikuwa nimepanga, lakini nikajikuta nimesimama mbele ya watu wazima nikieleza habari za mama, sahani yake na machozi yake.

Kijana akavua miwani. "Madam, ukiuliza metafizikia, pengine itasema wewe si yeye. Ukiuliza maadili, pengine yatasema mjibu tu. Hayo ni matawi mawili."

"Ya mti mmoja ama miwili?"

"Sijui," akasema. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Wakati wa chai, mwenzetu mmoja, mwalimu wa chekechea kutoka familia ya Kihindu ya hapohapo mjini, alikuja kuketi nami. "Kwetu sisi tunasema roho inarudi," akaniambia. "Lakini hata sisi hatuambiwi imerudi kwa nani." Akanikorogea sukari kwenye kikombe. Alinihurumia, nami nikazidi kuchanganyikiwa.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha yule Mgiriki aliyezunguka sokoni akiuliza watu maswali hadi wakamnywesha sumu. Mhadhiri alimsifu kwa sababu alikubali kwamba hajui. Mimi nikawaza, yeye ilikuwa rahisi, hakuwa na mtu nyumbani anayemngoja ili ale.

Nilifika Mugutha jua likielekea kuzama. Mama alikuwa mezani, mukimo wa viazi na mahindi umepoa mbele yake, dada yangu amesimama mlango wa jikoni amechoka kubembeleza. Nilikuwa sijamaliza kuvua viatu.

"Maitu, uliniita sikukuja. Bado umekasirika?"

Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Nilikusamehe, mwanangu."

Hakugusa sahani. Alinitazama akiendelea kungoja, kama wanafunzi wangu wanapotaka kujua kwa nini. Msamaha mtupu haukumtosha. Alitaka sababu.

"Hungeweza kukuja," nikamwambia. "Ulikuwa unanizaa."

Dada yangu aliweka mkono mdomoni. Mimi mwenyewe nilisikia nilichosema, na nikajua kwamba mtihani wa mantiki ningeanguka vibaya. Mama anamsamehe binti yake kwa kutofika, kwa sababu binti alikuwa anamzaa yeye mama. Hakuna Mgiriki ambaye angenipa hata alama moja.

Mama alifikiri kidogo. Kisha uso wote ukamlegea.

"Ni kweli," akasema. "Na ulinisumbua sana, maitu. Ulikuwa mkubwa!"

Akavuta sahani, akala. Alikula kama mtu aliyetoka shamba, hata kijiko akakilamba, na dada yangu akaenda jikoni kumpakulia zaidi.

"Maitu," akaniita, mdomo umejaa, "chumvi ni kidogo."

Nikaenda kuileta nikilia, kiatu kimoja kikiwa bado mguuni, na hadi leo sijui kama aliyekuwa akilia pale alikuwa mama au mtoto.