Nilivyomhubiria Mama Masanja Kutoka Juu ya Dungu

Nimekosa jamani, na shetani simsingizii. Siku ile hakuwa na kazi yoyote, niliifanya yote mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, mashambani Katindiuka, mpunga umeanza kuiva. Padre alikuwa ametuagiza kila mwanajumuiya, ifikapo Pentekoste, amlete kanisani mtu mmoja asiyemjua Kristo. Mimi, mwimbaji wa kwaya, mdomo ninao, nikamchagua Mama Masanja.

Huyu alikuwa Msukuma. Walikuwa wamehamia na ng'ombe wao mwaka uliotangulia, na shamba lao lilipakana na letu. Msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasiumalize mpunga, kila mtu anakaa kutwa juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti katikati ya shamba. Ukishuka tu, kwelea nao wanashuka. Basi nikaona Mungu kanipa msikilizaji asiyeweza kukimbia!

Nilimhubiria, wee! Kutoka dungu langu hadi dungu lake, asubuhi hadi jioni, kwa sauti ile ile ya kufukuzia ndege. Upendo, jirani, Msamaria mwema, vyote nilimpigia kelele. Yeye anaitikia tu, "Ehee, dada." Na alikuwa anasikia! Wiki ya tatu akaniuliza mwenyewe, "Hiyo Pentekoste mnavaa nguo gani?" Nusura nidondoke kwa furaha.

Jumamosi moja asubuhi akaja kwangu, mtoto mgongoni anachemka homa.

"Dada, nampeleka hospitali. Baba yake yuko mbali na ng'ombe. Niangalizie ndege, mchana nitakuwa nimerudi."

"Mungu akutangulie, mama! Hapa nipo."

Nilikuwepo kwa saa moja. Kisha gari la kwaya likapita kuelekea Mkula kwenye mahubiri ya hadhara, wenzangu wananipungia mikono. Nikajiambia Injili haisubiri. Uongo mtupu! Haikuwa Injili, ilikuwa sare mpya ya kwaya, nilikuwa bado sijaonekana nayo.

Nikamwita wifi yangu aamie kwangu. Shamba la Mama Masanja nikamwachia Mungu.

Wifi naye mchapakazi. Kila akirusha donge la udongo kwa kombeo, ndege wanaruka kwangu wanatua kwa jirani. Niliporudi jioni, sauti imenikauka kwa kuimba habari za upendo, nilimkuta Mama Masanja amesimama katikati ya shamba lake, mtoto amelala mgongoni. Masuke yalikuwa yamebaki makapi.

Hakunitukana. Angenitukana ningepona.

"Dada," akasema, "siku zote ulipokuwa unasema habari za jirani, nilidhani ni mimi."

Jamani! Nililia mpaka wifi akaogopa.

Tulipovuna niliwapelekea nusu ya mpunga wangu. Aliupokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akanipa na maziwa. Nikaona njia imefunguka, nikaanza, "Mama Masanja, kuhusu ile Pentekoste..." Akachukua debe bovu lililokuwa karibu, akaanza kulipiga kwa nguvu. Na ndege hata mmoja hakuwepo!

Wala sikumlaumu. Nilicheka, nikalia, nikarudi kwangu. Siku ya Pentekoste wenzangu walisimama na wageni wao, mimi nikasimama na sare yangu.

Nyie wenzangu wenye midomo kama huu wangu, nawasihi: ukiachiwa shamba la mtu, kaa ufukuze ndege. Usidhani kwaya itapwaya bila wewe. Kule Mkula sauti ya pili tulikuwa tisa. Mama Masanja alikuwa na mimi mmoja tu.